Nguruwe Wanapokohoa: Mwongozo wa Kutambua na Kutibu Homa ya Mapafu ya Bakteria

Swali linalonifikia kuliko mengine yote kutoka kwa wafugaji wapya wa nguruwe wa Nyanda za Juu Kusini, hasa kuanzia mwezi wa Juni baridi inapokolea Rungwe, Mbozi na Njombe, ni hili: nguruwe wangu wanakohoa, niwachome sindano gani? Nimeandika mwongozo huu kwa sababu swali hilo halijibiki kwa kutaja jina la dawa peke yake. Dawa iko katika hatua ya sita. Ukiziruka hatua zinazoitangulia, utachoma dawa isiyohusika, au utamtibu nguruwe ambaye banda lenyewe litamrudishia ugonjwa baada ya wiki mbili, au, jambo baya kuliko yote, utaendelea kutibu kikohozi huku homa ya nguruwe ya Afrika ikienea kijiji kizima.

MAHITAJI

Andaa vitu hivi kabla nguruwe hajaugua, kwa sababu siku ya ugonjwa hutapata nafasi ya kuvitafuta.

- Kipimajoto cha kupimia njia ya haja kubwa, kikiwa kimefungwa uzi ili kisizame ndani, pamoja na mafuta ya kulainisha.
- Saa yenye mshale wa sekunde, au simu.
- Futi ya kamba, ile ya fundi cherehani, kwa ajili ya kukadiria uzito.
- Mabomba ya sindano ya ml 5 na ml 10. Sindano za geji 18 zenye urefu wa inchi moja zinawafaa nguruwe wanaokua, na za geji 16 zenye urefu wa inchi moja na nusu zinawafaa nguruwe wakubwa.
- Ubao au mlango wa zamani wa kumbana nguruwe kwenye kona.
- Chumba cha pembeni cha wagonjwa, chenye maji na matandiko makavu.
- Buti na ovaroli zisizotoka nje ya banda, beseni la dawa ya kuua vijidudu mlangoni, na glavu. Glavu si pambo: bakteria aitwaye Streptococcus suis, anayeishi katika koo na pua za nguruwe, huweza kumwingia binadamu kupitia kidonda cha mkononi na kumsababishia homa ya uti wa mgongo na uziwi.
- Daftari, na namba ya simu ya daktari wa mifugo au ofisa mifugo wa kata yako.

MACHACHE YA KUJUA KWANZA

Bakteria wanaosumbua mapafu ya nguruwe ni wengi, lakini mfugaji akiwajua watatu atakuwa amepiga hatua kubwa. Wa kwanza ni Mycoplasma hyopneumoniae, ambaye haui kwa haraka, bali huharibu vinyweleo vidogo vinavyosafisha njia ya hewa, na hivyo kuleta kikohozi kikavu cha muda mrefu na kumdumaza nguruwe ambaye ungemuuza kwa bei nzuri. Wa pili, Pasteurella multocida, huingia kwa urahisi pale ambapo wa kwanza amekwisha kufungua njia, na ndipo kikohozi kinapogeuka kuwa nimonia yenye usaha na homa. Wa tatu, Actinobacillus pleuropneumoniae, ni mkali kupita wote, kwani huweza kumuua nguruwe mwenye afya ndani ya siku moja au mbili, mara nyingine kabla hujasikia kikohozi chochote.

HATUA

1. Funga lango kabla ya kufungua chupa ya dawa.

Siku utakayoona nguruwe zaidi ya mmoja anakohoa au anahema kwa shida, zuia nguruwe yeyote kuingia au kutoka, zuia wageni, na usiazime dume wala usilipeleke kwa jirani. Kisha jiulize maswali haya: je, nguruwe wa rika zote wanaugua, wakiwemo majike makubwa? Je, ngozi ya masikio, tumbo au miguu imekuwa nyekundu au zambarau? Je, kuna kuharisha damu, mimba kutoka, au vifo vinavyofuatana? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, acha hatua zinazofuata na umpigie simu daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haina tiba. Nayo pia huweza kuleta kuhema kwa shida na povu la damu puani, hivyo hata mtaalamu hawezi kuitenganisha na nimonia kali kwa macho tu, na sampuli ni lazima ziende maabara. Kwa Tanzania, Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inamtaka mfugaji atoe taarifa.

Tahadhari: nguruwe aliyekufa ghafla usimpasue, usimchinje na kuuza nyama, wala usimtupe mtoni. Damu ya nguruwe mmoja mwenye homa hiyo inatosha kuambukiza eneo zima. Msubiri mtaalamu, na baada ya hapo mzoga ufukiwe kwenye shimo refu mahali ambapo mbwa hawataufukua.

2. Sikiliza na uhesabu.

Nenda bandani alfajiri kabla ya kulisha, waamshe nguruwe wote wasimame, subiri dakika moja, kisha hesabu kwa dakika tatu ni mara ngapi kikohozi kinasikika na ni nguruwe wangapi wanaokohoa. Rudia siku inayofuata kwa saa ileile. Namba hizo mbili ndizo zitakazokuonyesha baadaye kama tiba imefanya kazi, kwa sababu kumbukumbu ya masikio hudanganya. Baada ya hapo, chagua nguruwe aliyelala kwa utulivu na uhesabu mbavu zinavyopanda na kushuka kwa dakika moja. Nguruwe anayekua, akiwa amepumzika na hakuna joto kali, kwa kawaida huvuta pumzi kati ya mara 25 na 35. Anayefika 60 huku tumbo likijikunja kwa nguvu kila anapotoa pumzi ni mgonjwa, hata kama hakohoi.

3. Pima joto.

Mpime akiwa ametulia, kwa kuwa nguruwe aliyefukuzwa joto lake hupanda na kukupotosha. Mkune tumboni au mpime anapokula, ingiza kipimajoto kikiwa kimepakwa mafuta, kielekeze kiguse ukuta wa utumbo, na usubiri dakika mbili au mpaka kilie. Joto la kawaida ni kati ya nyuzi 38.5 na 39.5, ingawa vitoto hupita kidogo hapo. Nyuzi 40 na kuendelea ni homa. Wapime wanaokohoa na wasiokohoa, angalau watatu kwa kila upande, kwa maana mara nyingi aliyenyamaza kwenye kona ndiye mwenye nyuzi 41.

4. Soma sura ya ugonjwa.

Kikohozi kikavu cha mfululizo kinachosikika zaidi nguruwe wanapoamka au wanapokimbia, kwa nguruwe wa miezi miwili hadi sita wanaoendelea kula lakini hawalingani ukubwa, na bila homa au kwa homa ndogo, huelekeza kwa Mycoplasma. Homa, kukosa hamu ya kula, kikohozi kizito chenye makamasi na kuhema kwa tumbo huonyesha kwamba Pasteurella au wenzake wamekwisha kuingia. Homa ya nyuzi 41 na zaidi iliyozuka ghafla, mdomo wazi, masikio ya bluu, povu lenye damu, na nguruwe kukaa kwa makalio huku miguu ya mbele ikiwa imenyooka kwa sababu akilala hapati hewa, ni sura ya Actinobacillus, na hapo unahesabu saa, si siku. Lakini kumbuka hatua ya kwanza: sura hiyo ya mwisho isitibiwe kimyakimya bila daktari kujua.

Kwa watoto walioachishwa kunyonya hivi karibuni, wenye umri wa wiki nne hadi nane, homa inayoambatana na kuvimba viungo vya miguu, kuchechemea na kuhema huletwa mara nyingi na Glaesserella parasuis, ambaye hupenda kujitokeza wakati wa misukosuko ya kuachishwa, kuhamishwa na kuchanganywa.

5. Watenge wagonjwa bila kuwachosha.

Mhamishe mgonjwa kwa ubao, taratibu, kwa umbali mfupi. Nguruwe mwenye mapafu yaliyojaa, akikimbizwa na watu watatu wakipiga kelele, huweza kufia mikononi mwao. Kama anahema kwa mdomo, mwache alipo, uwahamishe wenzake. Mpe maji safi karibu na mdomo wake na matandiko makavu ya maranda ya mbao au nyasi. Wahudumie wazima kwanza, wagonjwa mwishoni.

6. Chagua dawa, na pima kipimo kwa uzito.

Dawa ichaguliwe na daktari wa mifugo, naye utamsaidia sana ukimpa namba za hatua ya pili na ya tatu. Hata hivyo ni vema uelewe mantiki yake. Mycoplasma hana ukuta wa seli, na penisilini huua bakteria kwa kuvunja ukuta huo, hivyo penisilini na dawa za jamii yake, ikiwemo amoksilini, hazimgusi kabisa. Ndiyo maana wafugaji wengi huchoma Pen-Strep, dawa yenye penisilini ndani yake, kwa wiki nzima na kikohozi kikavu kikabaki palepale. Zinazomfaa ni oksitetrasaiklini, ambayo madukani huitwa OTC, pamoja na tailosini, linkomaisini na tiamulini. Kwa Actinobacillus na Pasteurella, penisilini huweza kufanya kazi vizuri ikiwahi, isipokuwa pale ambapo usugu, yaani bakteria kuzoea dawa hata isiwaue, umekwisha kujengeka.

Uzito usiukisie kwa jicho. Zungushia futi kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, zote kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, halafu zidisha kwa 69.3. Nguruwe mwenye mzunguko wa mita 0.90 na urefu wa mita 0.95 ana takribani kilo 53. Kwa OTC ya asilimia 20 inayokaa muda mrefu mwilini, kipimo cha kawaida ni ml 1 kwa kila kilo 10, hivyo huyo atapata zaidi kidogo ya ml 5, na sindano hurudiwa baada ya saa 72 ikihitajika. Lebo ya chupa uliyonayo ndiyo inayotawala.

Tahadhari: OTC ya asilimia 10 na ile ya asilimia 20 hukaa kwenye rafu moja dukani. Ya asilimia 10 kwa kawaida huchomwa kila siku kwa siku tatu hadi tano. Mfugaji akiichoma mara moja na kusubiri siku tatu, atakuwa amewapa bakteria dozi ndogo ya kujifunzia usugu. Soma asilimia kabla ya kulipa, na ukatae dawa ya kumiminiwa kwenye chupa isiyo na lebo.

Tahadhari nyingine, na hii nawaomba muizingatie sana: msitumie tiamulini kwa nguruwe wanaokula mabaki ya chakula cha kuku wa nyama. Chakula hicho mara nyingi huwa na dawa za kuzuia kokisidiosi, ugonjwa wa utumbo wa kuku, kama vile monensini na salinomaisini, nazo zikikutana na tiamulini mwilini humpooza nguruwe na kumuua.

7. Choma sindano ipasavyo.

Mahali pa kuchoma ni kwenye msuli wa shingo, upana wa vidole viwili nyuma ya shina la sikio, na si kwenye paja, kwa sababu paja ndilo nyama ya thamani na kuna mshipa wa fahamu unaoweza kulemaa. Futa uchafu, ingiza sindano wima, vuta kidogo uone kama damu inaingia, na ikiingia hamisha mahali. Usizidishe ml 10 mahali pamoja kwa nguruwe mkubwa, na kwa anayekua usizidishe ml 5, kinachobaki ukichome upande wa pili wa shingo. Badilisha sindano kwa kila nguruwe mgonjwa, kwa kuwa sindano inayotembea kutoka shingo hadi shingo hubeba ugonjwa uleule unaoutibu. Wagonjwa wakali hawali na hunywa maji kidogo, hivyo dawa ya kuchanganya kwenye maji haiwafikii. Hiyo iache kwa wenzao walio katika hatari, tena kwa maelekezo ya daktari.

8. Rekebisha hewa ya banda siku hiyohiyo.

Hapa ndipo panapoamua kama utarudi dukani mwezi ujao. Ingia bandani asubuhi na mapema kabla hujafungua chochote, uchuchumae mpaka pua yako ifikie kimo cha pua ya nguruwe, na ukae hivyo dakika mbili. Macho yakiwasha, au koo likikereketa, gesi ya amonia inayotoka kwenye mkojo imekwisha kuzidi, na nguruwe wako wamelala ndani yake usiku kucha. Mtu anayesimama mlangoni haisikii sawasawa.

Kosa la msimu wa baridi ni lilelile kila mwaka. Mfugaji anaona ukungu na baridi ya Tukuyu, anawaonea huruma nguruwe, anapigilia viroba na turubai kuanzia sakafuni hadi kwenye paa, na asubuhi matone ya maji yanaonekana yakining'inia chini ya mabati huku kuta zikiwa zimelowa. Matone hayo ni pumzi ya nguruwe iliyokosa pa kutokea. Nguruwe aliye kwenye matandiko makavu anaivumilia baridi, lakini hewa nzito yenye unyevu na amonia haivumilii. Ukuta imara uwe wa kimo cha mita moja hivi, turubai lianzie hapo kwenda juu upande unakotoka upepo, na chini ya paa uache nafasi wazi ya sentimita 30 hivi isiyozibwa kamwe. Joto la vitoto lipatikane ndani ya kisanduku chao chenye nyasi na taa, si kwa kuziba banda zima. Jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa ni hatari kwa nguruwe na kwa mtoto atakayetumwa kulichochea.

Kisha toa samadi kila siku, elekeza mkojo nje kwa mfereji wenye mteremko, na loanisha pumba kwa maji kabla ya kulisha, kwa kuwa vumbi la pumba hushuka moja kwa moja mapafuni. Punguza msongamano: nguruwe wa kilo 30 hadi 50 apate angalau nusu mita ya mraba ya sakafu kavu, na anayekaribia kilo 100 apate karibu mita moja. Wale walioachishwa wasikae pua kwa pua na wakubwa, kwa maana wakubwa ndio wanaowapa Mycoplasma. Nguruwe wa chumba kimoja wakiisha kuuzwa wote, chumba kioshwe kwa sabuni, kikauke, kipuliziwe dawa, kikauke tena, ndipo kundi jipya liingie.

9. Fuatilia na uandike.

Pima joto la wagonjwa kila asubuhi, na urudie hesabu ya kikohozi kila baada ya siku tatu. Maliza dozi hata kama nguruwe amerudi kula siku ya pili. Andika tarehe, jina la dawa na asilimia yake, kiasi, namba ya nguruwe, na tarehe ambayo muda wa kusubiri kabla ya kuchinja, uliotajwa kwenye lebo, utakwisha. Kwa OTC ya muda mrefu, muda huo ni wa wiki kadhaa.

MATATIZO YANAYOJITOKEZA

Homa haijashuka baada ya saa 48. Usiongeze dozi wala kuchanganya dawa mbili kwa kubahatisha. Rudi hatua ya kwanza, kwa sababu homa isiyosikia dawa ni dalili ya kufikiria homa ya nguruwe ya Afrika. Kama haipo, huenda kuna usugu, au kipimo kilikuwa kidogo, au tiba ilichelewa na mapafu yamekwisha kugandana na mbavu. Mwombe daktari achukue sampuli. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Iringa.

Kikohozi kinapungua kisha kinarudi. Hilo ni suala la hewa, msongamano, au nguruwe wapya. Kila unayemnunua mnadani akae peke yake kwa mwezi mmoja, akihudumiwa mwisho. Ukiwa na mafua wewe mwenyewe, mtume mwingine bandani, kwani mafua ya binadamu huweza kuwaambukiza nguruwe na kuwafungulia bakteria njia.

Wanakohoa lakini hawana homa, na huachiwa kujitafutia chakula nje. Fikiria minyoo kabla ya bakteria. Minyoo ya mapafu hupatikana nguruwe anapokula nyungunyungu, na viluwiluwi vya minyoo mikubwa ya tumbo hupita mapafuni vikiwa safarini kuelekea utumboni. Antibiotiki haisaidii hapo. Dawa ya minyoo kama ivamektini ndiyo inayohusika.

Vitoto vya wiki mbili au tatu vinahema kwa nguvu, vimepauka, na havina homa. Kama viko kwenye sakafu ya saruji na havikuchomwa madini ya chuma, huo ni upungufu wa damu. Sindano ya miligramu 200 katika siku ya tatu ya maisha huuzuia.

Vitoto vinapiga chafya, macho yanatoa machozi, na baadaye pua inafupika au inapinda. Hapo wanahusika Bordetella bronchiseptica pamoja na aina ya Pasteurella inayotoa sumu. Pua iliyokwisha kupinda hainyooki, kwa hiyo nguvu ielekezwe kwa uzao unaofuata, na watoto wa jike huyo wasibakizwe kuwa mbegu.

Mnunuzi anamtaka nguruwe ambaye muda wake wa kusubiri haujaisha. Mfungulie daftari, umpe mwingine ambaye hakuchomwa. Na nguruwe huyo anapochinjwa machinjioni, mwombe mkaguzi wa nyama akuonyeshe mapafu. Sehemu za mbele za chini zikiwa zambarau na ngumu, na kipande chake kikizama kwenye ndoo ya maji badala ya kuelea, basi Mycoplasma na wenzake wamo bandani mwako hata kama siku hiyo hukusikia kikohozi. Madonda magumu yakiwa nyuma kwa juu, na mapafu yamegandana na mbavu kiasi cha kuhitaji kisu kuyatoa, Actinobacillus amekwisha kupita. Andika ulichokiona karibu na namba ya nguruwe huyo, umpelekee daktari.